Omena Naye Hula Nini?

  Katika kipindi hiki twataka kuzungumza juu ya chakula kilicho karibu nasi sana. Bila shaka wengi walioko Kaloleni, Makongeni, Jericho, Maringo, Umoja, Kayole na Dandora wamekila wiki hii. Chakula hicho ni omena. Hatutawafundisha namna ya kumpika, kwa maana akina mama na vijana wa mitaa ya Eastlands wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Swali letu ni hili: omena naye hula nini?

Labda mtu atasema, "Swali hilo ni la watoto." Ni kweli, ni swali la watoto. Lakini ukilifuata mpaka mwisho wake litakufikisha mbali: katikati ya Ziwa Victoria usiku wa manane, kisha katika bahari zenye baridi kali kule kaskazini ya dunia, kisha litakurudisha katika sahani yako mwenyewe. Basi na tulifuate pamoja.

Kwanza tumtazame omena mwenyewe. Ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, urefu wake kama kidole cha mtu. Ndugu zetu wa Tanzania humwita dagaa, na wa Uganda humwita mukene. Huvuliwa ziwani, huanikwa juani katika fuo za Mbita, Homa Bay, Usenge na kwingineko, kisha hutiwa magunia na kuletwa Nairobi kwa lori na mabasi. Hapo Gikomba wanunuzi wa jumla humpokea, na kutoka Gikomba huingia kila mtaa. Mama aliyeketi kando ya njia humpima kwa gorogoro au kwa kikombe, kila mteja kwa kadiri ya mfuko wake.

Wengi wetu tumelelewa kwa omena, na hata hivyo tumemdharau. Akija mgeni wa heshima, sufuria ya omena hufunikwa na mtoto hutumwa mbio dukani kununua nyama. Watu husema ni chakula cha mwisho wa mwezi. Lakini wajuzi wa lishe wanatuambia kwamba kwa kuwa omena huliwa mzima, pamoja na kichwa na mifupa yake, humpa mtoto madini ya kujenga mifupa na damu, mambo ambayo kipande cha mnofu mtupu hakiwezi kumpa kwa kiasi kile kile. Haya basi, nguvu hiyo omena ameitoa wapi? Haiumbi mwenyewe. Ameipata kwa kula.

Chakula kikubwa cha omena ni vijidudu vinavyoelea katika maji. Wataalamu huviita zuplanktoni, maana yake ni planktoni ya jamii ya wanyama. Neno planktoni lilianza kutumiwa na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887, naye alilitoa katika lugha ya Kigiriki, katika neno lenye maana ya kutangatanga. Aliviita hivyo kwa sababu viumbe hivi havina nguvu za kushindana na mkondo wa maji. Mkondo ukienda huku, navyo huenda huku. Upepo ukisukuma maji kule, navyo husukumwa kule.

Ukichota maji ya ziwa kwa gilasi na kuyainua kwenye mwanga, huenda ukaona chembe ndogo sana zikirukaruka kama mavumbi yenye uhai. Nyingi hazifiki urefu wa milimita moja. Lakini ukizitazama kwa darubini ya maabara utastaajabu. Yuko mmoja aitwaye saiklopu. Ana jicho moja tu katikati ya paji la uso, na pembe mbili ndefu za kupapasia, na mama yao hubeba mayai katika mifuko miwili huku na huku ya mkia wake, kama mtu atokaye sokoni na vikapu viwili. Yuko mwingine aitwaye dafnia, ambaye mwili wake ni kama kioo. Moyo wake unauona ukipiga ndani. Huyu huweza kuzaa watoto wengi wa kike pasipo dume, na maisha yakiwa magumu hutaga mayai yenye ganda gumu, ambayo hulala matopeni mpaka majira mema yarudi. Na wako wengine wadogo zaidi, rotifa, walio na nywele kinywani zinazozunguka kama gurudumu na kuvuta chakula ndani.

Vijidudu hivyo navyo hula nini? Vingi hula mwani mdogo sana unaoelea majini, mimea isiyo na shina wala mzizi, ambayo hutumia mwanga wa jua na mbolea iliyomo majini kujitengenezea chakula, kama vile mahindi shambani. Baadhi yao, kama saiklopu wakubwa, hula pia vijidudu vidogo kuliko wao. Basi tunaona ngazi: jua hulisha mwani, mwani hulisha vijidudu, vijidudu humlisha omena, na omena hutulisha sisi. Na kila unapopanda daraja moja katika ngazi hiyo, sehemu kubwa ya chakula hupotea, kwa kuwa kiumbe hutumia kile alichokula kwa kuogelea, kupumua na kuzaa. Kwa makadirio ya wataalamu, ni kama sehemu moja tu katika kumi inayopita kwenda juu. Kwa hiyo kilo moja ya omena imegharimu kilo kumi hivi za vijidudu, na hizo kilo kumi zimegharimu kilo mia hivi za mwani. Gorogoro lile la omena unaloliona dogo lina shamba kubwa sana nyuma yake.

Sasa twende ziwani usiku. Vijidudu vingi vya majini vina desturi ya ajabu. Mchana hushuka chini kwenye giza. Jua likitua, huanza kupanda, na usiku huwa karibu na uso wa maji. Kukipambazuka, hushuka tena. Hufanya safari hiyo kila siku, maisha yao yote. Mwingereza mmoja, Worthington, aliyekuwa katika uchunguzi wa samaki wa Ziwa Victoria uliofanywa mwaka 1927 na 1928, aliandika habari za safari hizi mwaka 1931. Na sababu yake si ngumu kuifahamu. Chakula chao, yaani mwani, kiko juu kwenye mwanga. Lakini juu ndiko samaki wanakoweza kuwaona na kuwala. Basi mchana hujificha chini, na usiku hupanda kula wakati macho ya adui hayaoni vizuri.

Kuna wengine wafanyao safari hiyo hiyo. Wako funza wa wale wadudu wa ziwani ambao hutoka kwa makundi makubwa hata mtu akiwa mbali adhani ni moshi umepanda juu ya maji. Funza wa aina moja ya wadudu hao hukaa katika matope mchana, na usiku hupanda kuwinda vijidudu vidogo. Naye omena huwafuata wote. Usiku huja karibu na uso wa maji, mahali chakula kilipo.

Wavuvi walijua jambo hili zamani. Ndiyo sababu omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Taa huwekwa juu ya kitu kinachoelea, wadudu na vijidudu hukusanyika penye mwanga, omena huja kula, na wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea kila mahali, taa haina nguvu tena ya kuvuta, na wavuvi wengi hupumzika nyumbani. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, bei ya omena mtaani kwako Dandora yaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya mwezi uliouona juu ya paa la nyumba yako.

Labda utauliza: je, ni omena tu aliye na haja ya vijidudu hivi? La. Mtazame mbuta, yule samaki mkubwa anayeweza kufikia uzani wa kilo 200. Ukimwona amelala juu ya meza ya muuzaji, mnene kama gunia, huwezi kudhani kwamba siku zake za kwanza alikuwa kama uzi, akila vijidudu hivi hivi ambavyo macho yetu hayavioni. Alipokua kidogo alihamia kwenye kamba wadogo wa ziwani, kisha kwenye samaki, na omena akiwa miongoni mwao. Hata watoto wa ngege huanza namna hiyo. Katika ziwa lile hakuna mkubwa ambaye hakulishwa na wadogo alipokuwa mchanga.

Na jambo hili si la Ziwa Victoria peke yake. Tuvuke sasa twende kaskazini, kwenye bahari za Norway, Iceland na Uskoti, ambako maji ni baridi kama barafu na wakati wa majira ya baridi jua huonekana kwa saa chache tu. Huko yuko kijidudu mmoja wa jamii hiyo hiyo ya saiklopu, mrefu wa milimita tatu hivi, aitwaye Calanus finmarchicus. Aliyempa jina la kitaalamu, mwaka 1770, alikuwa mtu wa kanisa: Johan Ernst Gunnerus, askofu wa Kilutheri wa Trondheim kule Norway. Askofu huyo alipenda sana kuchunguza viumbe vya Mungu. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1765, alikuwa ameeleza habari za papa mmoja mkubwa sana, anayeweza kufika urefu wa mita kumi. Papa huyo hana haja ya meno makali. Huogelea polepole kinywa kikiwa wazi kama mlango wa ghala, akichuja maji. Na anachokichuja ni nini? Ni vijidudu vya jamii hiyo hiyo ya Calanus. Basi mtu mmoja aliwaandika wote wawili, mlaji mkubwa na chakula chake kidogo, naye aliona vema kumpa mdogo nafasi katika kitabu kama alivyompa mkubwa.

Kijidudu huyu wa kaskazini ana hekima yake. Wakati wa masika ya kule, jua linaporudi na mwani kuchipuka majini, hula kwa bidii na kujaza mafuta katika mfuko ulio ndani ya mwili wake. Mwani ukipungua, hushuka chini sana, mamia ya mita, mara nyingine kupita mita elfu moja, na huko hukaa miezi mingi pasipo kula, akitumia akiba yake kidogo kidogo. Masika yakirudi, hupanda tena na kutaga mayai. Mkulima wa kwetu mwenye ghala atamwelewa vizuri. Na mafuta yale ndiyo yanayowanenepesha samaki wa heringi na kuwalisha nyangumi wa aina kadhaa. Mayai na watoto wake nao ndio chakula cha kwanza cha watoto wa kod, samaki ambaye amelisha mataifa ya Ulaya kwa karne nyingi.

Tangu mwaka 1931 Waingereza wamekuwa na chombo kilichobuniwa na mtaalamu Alister Hardy, ambacho meli za biashara hukivuta nyuma yao nacho hukusanya vijidudu juu ya kitambaa cha hariri. Kwa miaka mingi vitambaa hivyo vimehesabiwa, na vimetoa habari ya kutisha. Bahari imeongezeka joto. Kati ya miaka ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1990, vijidudu vya maji yenye joto upande wa mashariki wa Atlantiki ya kaskazini vilisogea kuelekea kaskazini kwa kiasi cha kilomita 1,000, na vile vya maji baridi vikarudi nyuma. Katika Bahari ya Kaskazini, mahali pa yule Calanus wa baridi pakashikwa na ndugu yake wa maji ya uvuguvugu, ambaye huongezeka zaidi wakati wa vuli. Hapo watoto wa kod waliozaliwa masika wakakuta meza haijaandaliwa. Uvuvi wa kupita kiasi ulikuwa umekwisha kuwapunguza wazazi wao, na sasa chakula cha watoto kikapotea. Si lazima ziwa au bahari ikauke ndipo watu wakose samaki. Yatosha wadogo wachelewe kidogo tu.

Turudi nyumbani. Ziwa letu nalo limebadilika sana. Katika miaka ya 1950 mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 aliongezeka kwa ghafula. Zamani ziwa lilikuwa limejaa fulu, samaki wadogo wa aina mamia, na baadhi yao walikuwa wakila vijidudu kama omena. Mbuta aliwala, na maji nayo yakachafuka. Kwa muda mfupi aina nyingi zilitoweka. Fulu walipoondoka, omena alibaki na nafasi kubwa mezani, naye akazaliana sana. Leo, kwa uzani, omena ndiye wa kwanza kati ya samaki wanaovuliwa katika ziwa lote. Samaki tuliyemdharau ndiye aliyesimama wakati wengine wameanguka.

Katika miaka hiyo hiyo viwanda vilijengwa kando ya ziwa, na minofu ya mbuta ikaanza kusafirishwa kwenda Ulaya. Huku Eastlands tukaletewa mifupa iliyobaki, kichwa na uti, ikakaangwa na kupewa jina la mgongo wazi. Jina hilo lina mzaha ndani yake, lakini lina uchungu pia. Mnofu umekwenda kwa mwenye fedha, na mwenye njaa amebakiwa na mgongo.

Na vijidudu je? Watafiti waliolinganisha hesabu za zamani na za miaka ya 1980 na 1990 walikuta kwamba vile vikubwa zaidi vimepungua, na saiklopu wadogo wametawala. Mwani nao umeongezeka kupita kiasi, tena mwingi wake ni ule wa rangi ya samawati na kijani, ambao si chakula kizuri kwa vijidudu. Ukifa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini, hata sehemu za chini za ziwa zikakosa pumzi kwa majira fulani ya mwaka. Kwa nini mwani umezidi? Kwa sababu umetiwa mbolea. Mito ya Nyando, Nzoia, Yala, Sondu na Kuja huleta udongo kutoka mashambani, na miji huleta maji machafu.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Nairobi. Wengi wetu hapa Eastlands tuna shamba kwetu, na mashamba mengi ya watu wa magharibi ya nchi yako juu ya mito hiyo. Mwezi wa Desemba tunakwenda nyumbani, twakata mti ulio ukingoni mwa mto, twalima mpaka maji yanapoanzia, kisha twapanda basi kurudi kazini. Mvua ikija, udongo wetu huteremka hadi ziwani. Miezi kadhaa baadaye twasimama sokoni na kulalamika kwamba omena amekuwa ghali. Mkono uliotupa ndio huo unaokuja kununua.

Tena mto wetu wenyewe wa Nairobi, unaopita Gikomba na kando ya Dandora, hauendi Ziwa Victoria. Huingia mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Baharini nako wako vijidudu, na wako samaki wanaowategemea, na wako wavuvi wa Pwani wanaowategemea samaki hao. Takataka tunayoitupa mtaroni twaiona imeondoka, lakini haikuondoka. Imesafiri tu kwenda kwa jirani tusiyemjua.

Liko jambo jingine la kutafakari. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Miezi hiyo ni migumu. Mama anayeuza huona magunia yakipungua, naye mnunuzi huona kikombe kikipungua. Lakini omena hukua upesi na kuzaa akiwa bado mdogo. Akipewa nafasi kidogo, hujaza tena. Kupumzika kwa ziwa si hasara. Ni kama shamba linaloachwa msimu mmoja.

Tena tukumbuke kwamba si omena wote wanaokuja mezani. Sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo mingine. Hatusemi kufuga kuku ni vibaya. Wengi hapa Kayole na Umoja hujisomeshea watoto kwa mayai. Lakini ni vema tujue kwamba mtoto wa jirani na kuku wa biashara wananyang'anyana gunia moja, na kwamba mara nyingi mwenye fedha nyingi hushinda. Kanisa lenye mikutano ya akina mama na vikundi vya vijana laweza kulizungumza jambo hili: wazee na watoto wa mtaa wetu wanapata nini mezani, na ni nani asiyeweza hata kikombe kimoja?

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo machache yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, tumheshimu omena. Tumchague vizuri, tumwoshe mchanga kwa maji ya moto, tumpike na nyanya na kitunguu, na mgeni akija tumwandalie pasipo haya. La pili, tumheshimu mama anayemwuza. Ameamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba, na senti tunazombania ni ada ya shule ya mtoto wake. La tatu, tukienda kwetu tuache ukingo wa mto na nyasi zake na miti yake, ili udongo ubaki shambani. La nne, tusiufanye mtaro wa mtaa kuwa jalala.

Na mwisho, tutazame upya neno hili dogo. Ndugu zetu, mji huu wa Nairobi nao una vijidudu vyake. Sisemi kwa dharau. Twasema kwa heshima. Wako wanaopanda usiku na kushuka alfajiri: askari wa lango, waoka mikate, wauguzi wa zamu, wafagiaji wa barabara, utingo wa basi la kwanza. Jua likichomoza wamekwisha kurudi Mathare na Huruma na Kariobangi kulala, na wakubwa wa mji huingia ofisini wakakuta kila kitu kiko tayari, wala hawaulizi ni nani aliyekitayarisha. Lakini wakichelewa siku moja tu, mji mzima utajua.

Twakumbuka habari ya kijana aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili. Kwa kawaida twaisimulia kwa sababu ya umati ulioshiba. Lakini samaki wale wawili nao walikuwa wamelishwa, katika ziwa la Galilaya, na viumbe ambavyo hakuna mtu katika umati ule aliyeviona. Kabla ya muujiza ule watu waliouona, kulikuwa na kazi nyingine ya Mungu, ya kila usiku, isiyo na mashahidi. Kazi hiyo haijakoma. Usiku huu huu, wakati taa za Buruburu na Makadara zitakapozimwa, katika Ziwa Victoria mamilioni yasiyohesabika ya viumbe vidogo yataanza kupanda kutoka gizani kwenda kula. Hayatatujua sisi, wala hayatapata shukrani. Na kwa sababu yake kesho mtoto fulani wa Maringo atashiba.

Kwa hiyo, ndugu, jioni ukiketi kula, utakapoomba juu ya chakula chako, umkumbuke mvuvi aliyekesha, na mama aliyepima, na vile viumbe visivyoonekana ambavyo Muumba aliviweka chini kabisa ya ngazi ili vibebe wote walio juu. Usile kwa haraka mpaka umeshukuru.